Aliyelilaza Lori

Bonde zima, kutoka Naivasha hadi Londiani, watu walimwita Mlevi. Walimwita hivyo sokoni, stesheni, hata kwenye mlango wa kanisa, wala hawakuwa na nia mbaya. Mimi nitamwita Dereva, kwa sababu ndilo jina alilolitaka, na karibu hakuna aliyempa. Alifariki mwanzoni mwa masika haya, kifua kikiwa kimemmaliza, na tangu tumzike nimekuwa nikijaribu kumwandika. Naandika, nakata. Naandika tena kwa mwandiko mzuri zaidi, nakata tena. Sikupita shule ya maana. Nilijifunza kusoma kwa magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani jikoni kwa Mzungu ambako mama alikuwa akipika, na mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba ukurasa muhimu kuliko zote ndio ule uliogeuziwa ukutani. Dereva angeziona karatasi hizi nilizokunja, angesema nimeanza tena kupiga breki ndani ya kona. Nitaeleza maana yake nikifika hapo.

Alikuwa mwigizaji wa filamu. Si zile za jumba la sinema la mjini, ambako mtu mweusi aliingia kufagia. Zake ni zile fupi za serikali zinazozungushwa kwa gari la sinema katika mashamba na masoko, za kufundisha watu wachimbe matuta, wachemshe maji, waogeshe ng'ombe. Katika kila filamu kulikuwa na mwerevu na mjinga, na Dereva ndiye aliyekuwa mjinga. Alikataa matuta, shamba lake likaenda na mvua. Alikunywa maji ya mtoni, akashika tumbo na kukimbilia kichakani huku watu wakilia kwa kucheka. Yule mwerevu alikuwa karani mwenye meno mazuri sana. Hakuna anayemkumbuka.

Mimi nilikuwa sauti. Filamu zenyewe hazikuwa na maneno. Msemaji alisimama kando ya mashine na maikrofoni, akawaeleza watu kwa Kiswahili wanachokiona. Hivyo nilimjua Dereva kwenye shuka nyeupe ya kuonyeshea picha kabla ya kumjua mwenye mwili, na siku nilipomkuta kwenye gereji moja ya Nakuru, amelala chini ya gari, nilizitambua nyayo za viatu vyake kabla hajatoka.

Filamu iliyomharibia jina ni ile ya lori. Ni fupi, haimalizi kikombe cha chai. Dereva wa lori la viazi anatoka kilabuni anayumba, anapanda, anashuka nalo mteremko, lori linakwenda huku na huku, linafika kwenye kona, linaanguka ubavu mtaroni, magurudumu yakizunguka hewani. Mwerevu anatokea, anatikisa kichwa. Basi.

Alinisimulia mara nyingi jinsi ilivyopigwa, na kila mara alianza na mawe. Bwana wa kamera alitaka lori tupu lisukumwe mteremkoni, kule barabara ya Njoro, lijiangukie lenyewe. Dereva akamwambia kwamba lori lisilo na mtu huanguka kama sanduku, na watu wangejua. Akaomba aliendeshe mwenyewe. Bwana akakubali upesi, nadhani kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hamu ya kusukuma. Basi Dereva akashinda akitembea ndani ya ule mtaro, akiokota mawe na kuyatupa kando kama mwanamke anayechambua maharage. Magunia ya viazi akayapanga yote upande mmoja. Akajifunga kitini kwa kamba ya ng'ombe, akalishusha.

"Nililiambia lala," alikuwa akisema, akikilaza kiganja chake polepole juu ya meza, "likalala."

Hata kioo hakikupasuka. Alipotoka, kofia ilikuwa bado iko kichwani, na bwana wa kamera alilalamika kwamba ingependeza zaidi kama ingeanguka.

Kwa hiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya kwa usukani ndiyo ambayo bonde zima liliiona na kusema, tazama, hajui kuendesha.

Pombe yenyewe hakuionja. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti nzito, na chai yake aliitia chumvi kidogo badala ya sukari. Kuyumba alijifunza kwa ndama. Alisema ndama anapozaliwa miguu yake minne kila mmoja una shauri lake, na kichwa kinashangaa kuona mashauri yote hayo; ukiweza kufanya hivyo kwa miguu miwili, umelewa. Aliwahi kunionyesha pale gereji, na yule Singasinga mwenye gereji, aliyekuwa ameyaona maonyesho hayo mara nyingi, alitia spana mfukoni akaenda kumshika asije akaangukia betri.

Wakati wa Hali ya Hatari, barabara zilipojaa vizuizi, askari mmoja karibu na Lanet alikitazama kipande chake, ile hati ya utambulisho, akamtazama uso, akakitazama kipande tena.

"Ngoja kwanza. Wewe ndio ule mlevi."

"Ile ni filamu, afande."

"Pumua."

Akapumua. Askari akanusa, akanusa tena, akageukia mwenzake kama mtu aliyeibiwa. Hakuna kitu, akamwambia. Kisha akamwomba Dereva ashuke ayumbe kidogo tu, kwa kuwa mwenzake hakuwa ameiona ile filamu. Dereva akashuka, akayumba katikati ya barabara mbele ya foleni ya magari mpaka maaskari wakashika magoti, kisha akapanda gari lake akaenda. Nilimuuliza kama hakuona vibaya. Alisema aliona vibaya sana, ila fundi akiombwa ufundi wake hutoa. "Lakini wewe niambie," akasema, "mbona hakuna anayesimamisha gari aniombe niendeshe?"

Sasa niseme juu ya mbio, maana huwezi kumjua mtu huyu bila mbio. Chini ya mji, upande wa majani makavu, kulikuwa na uwanja wa mashindano, lami iliyozungushwa nyikani. Jumapili fulani Wazungu walikuja na magari madogo yasiyo na paa, yenye namba ubavuni. Watu wa rangi yetu waliingia kwa kazi tu, na kazi yenyewe ilikuwa kusukuma magari yaliyokataa kuwaka au kubeba matita ya nyasi kavu yanayopangwa kwenye kona, ili gari likikosea likumbatiwe. Dereva, aliyejulikana na kila mtoto wa bonde, alikuwa akijipeleka alfajiri kuandikwa mbeba nyasi. Aliomba kona ileile kila mara, iliyo kali kuliko zote. Aliyabeba matita yale kwa furaha ya bwana harusi, nyasi zikimjaa masikioni, halafu akaketi juu ya tita la mwisho asiondoke mpaka jioni.

Hakutazama nani anaongoza. Ukimuuliza aliyeshinda hakujua, na alikushangaa kidogo kwa kuuliza. Alitazama magurudumu ya mbele na kusikiliza gia. Jumatatu, gereji, alituletea mashindano yote kwa mdomo wake, kila gari na sauti yake, lile lenye kikohozi, lile linalolalamika likipanda, mpaka wateja wakachungulia kuona ni injini gani iliyowashwa. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa gari jekundu ambaye Dereva alimpenda kuliko wote. Hakushinda hata siku moja. Lakini aliingia kona, Dereva alisema, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto.

Mchungaji wake alimwonya juu ya Jumapili zile. Alijibu kwa heshima kwamba pale kwenye kona kila mtu anaomba.

Yeye mwenyewe aliliendesha gari la mashindano mara moja tu. Mwenye gari alikuwa mezani anakula, gari limeziba njia, mtu akampigia Dereva kelele alisogeze. Alilisogeza kutoka hema moja mpaka hema la pili kwa gia ya kwanza, mwendo wa jogoo. Safari hiyo aliizungumza mwaka mzima, na kila alipoisimulia hema la pili lilizidi kuwa mbali.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angekuwa hatari barabarani. Gari lake, jeusi, dogo, lenye mlango mmoja wa kijani, alilikusanya kipande kwa kipande pamoja na Singasinga, na akiwa peke yake kwenye barabara iliyo wazi baada ya Rongai nasikia alikuwa anaimba. Lakini akiwa na abiria alitambaa. Alimpisha ng'ombe, alimpisha mbuzi, siku moja tulimsubiri kuku afanye shauri lake mpaka nikashuka nikamfukuza. Ilinichukua muda kuelewa. Kila abiria alikuwa shahidi. Alikuwa na hofu ya kumpa mtu yeyote duniani sababu ya kusema, si nilikwambia.

Hofu hiyo niliielewa kwa kuwa kwa woga mimi ni wa ukoo wake. Maneno yangu ya maikrofoni yaliandikwa ofisini na kupigwa muhuri, na niliyashika kama Maandiko. Nikikosea silabi moja katikati ya sentensi, nilirudi mwanzo nikaisema upya, hata kama kwenye shuka yule mgonjwa alikuwa ameshapona. Watu walicheka. Nilikwenda kulala nikiyasikia makosa yangu moja moja, yakiingia kwa zamu kama wageni wa msiba. Dereva aliniita Bwana Nukta.

"Woga si mbaya, Bwana Nukta," aliniambia siku moja, tumeketi juu ya tairi nje ya gereji, vumbi jeupe la ziwa likipeperuka juu ya mji. "Ila uuweke mahali pake. Barabara ikiwa bado imenyooka, ogopa utakavyo. Punguza, tubu, lia ukitaka. Ukishaingia kwenye kona, usiguse breki tena. Wanaotoka nje si wale wenye mbio. Ni wale wanaokumbuka kuogopa wakiwa ndani."

Nikamwambia kuzungumza si kuendesha gari. Akasema kama si kuendesha, mbona kila jioni anasikia nikitoka barabarani.

Maana alikuwa anakuja. Gari la sinema likiwa karibu na alipo, alikuja kuketi, lakini hakuketi na watu. Aliketi nyuma ya shuka. Picha hupenya upande wa pili, ila imegeuka, kulia ni kushoto. Wengi hukaa huko nafasi ikikosekana mbele. Yeye alikaa hata uwanja ukiwa mtupu. Alisema upande ule yule mjinga anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo si yeye, ni jamaa yake tu. Alimtazama jamaa huyo bila kucheka, na lile lori lilipoanguka alisogeza bega lake kidogo, akilisaidia kushuka.

Nimefika kwa mama mkwe wake, na hapa nimekata zaidi ya kwingine kote, maana ni mama mwenye heshima na yuko hai.

Kwa watu wa mkewe, mume wa binti na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama mlango mmoja. Si ubaya, ni heshima, na Dereva aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mama huyu aliishi juu ya Molo, kwenye shamba la maua ya pareto, na aliiona filamu ya lori mwaka uleule binti yake alipoolewa. Hakuwa mjinga. Walipomweleza kwamba ni mchezo, alijibu neno ambalo mke wa Dereva alinisimulia mwenyewe akicheka na kusikitika. "Najua ni mchezo," mama alisema. "Lakini lori lilianguka kweli."

Tangu hapo hakukanyaga gari la mkwewe.

Mjukuu wake wa kwanza, Rebeka, alipozaliwa, mama alishuka Nakuru kwa treni na gunia la viazi. Dereva alikuwa stesheni na gari limeoshwa hadi mlango wa kijani ukang'aa. Mama aliweka viazi kwenye gari, kisha akajifunga kanga vizuri akaanza kutembea kuelekea mtaa wa Bondeni, walikokuwa wakiishi. Kumwacha mama mkwe atembee peke yake mjini haiwezekani. Kumbembeleza haiwezekani pia, hawazungumzi. Kwa hiyo Dereva alimfuata nyuma kwa mwendo wa miguu, yeye na viazi, kuvuka mji wote, na mvua ilipoanza kunyesha akawasha taa ili amwonyeshe njia. Watu walitoka madukani. Wakasema tazameni, Mlevi anapelekwa nyumbani.

Yeye mwenyewe alilisimulia hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuyumba na mvua na kila kitu. Lakini siku moja alipomaliza na sisi bado tunacheka, alisema, akitazama mikono yake, kwamba gari la mashindano hatalipata na amekubali, shuka haitamwita dereva na amekubali. "Ila yule mama, apande hata mara moja. Nimshushe salama. Mtu mmoja tu ajue." Kisha akarudi chini ya gari.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa Molo, kabla ya Krismasi. Gari letu la sinema lilikuwa limepanda kwenye shamba lile la pareto, na Dereva naye alikuwa amekuja, kwa kuwa mkewe alikuwa karibu kujifungua tena na mama alihitajika Nakuru. Nilimkuta nyuma ya shuka jioni, giza ndio linaingia, ameketi juu ya sanduku na blanketi mabegani. Alikuwa amekonda. Kila alipokohoa alishika kifua kwa kiganja, kama anayezuia mlango.

"Kesho utamshusha mama?" nikamuuliza.

"Nitashusha viazi," akasema.

Akanieleza, bila kunitazama, kwamba daktari amemkataza usukani. Amemwomba Mungu safari hii moja. Akifika Nakuru anamkabidhi Singasinga ufunguo. Kisha akaniambia niende zangu nikaseme, watu wanapata baridi.

Hakuniomba chochote. Nataka hilo lieleweke.

Nilisema filamu ya matuta, nikasema filamu ya maji. Bwana wa shamba alikuwa kwenye kiti chake mbele, nyapara kando yake. Upande wa akina mama nilimwona mama mkwe, amejitanda mpaka nyusi. Karatasi yangu ilisema: "Tazameni, pombe imemshinda, na lori limemshinda." Niliyajua maneno hayo kama jina langu. Mkanda wa lori ulipoanza, Dereva akatoka kilabuni anayumba, watu wakaanza kucheka, nami niliogopa kila kitu kinachoweza kuogopwa: ofisi, nyapara, sauti yangu, sarufi yangu. Lori likashika mteremko. Barabara ilikuwa bado imenyooka. Likafika kwenye kona, nikaiweka karatasi juu ya mashine.

"Wazazi wangu," nikasema, "karatasi hii inasema lori limemshinda. Halikumshinda. Huyu hajaonja pombe maisha yake yote. Mtaro huo aliutembea mchana kutwa akiokota mawe kwa mikono yake, asije akaumia, lori nalo lisiumie. Tazameni mkono wake dirishani, uko tu juu ya usukani, haushtuki. Anataka lori lilale. Analiambia lala."

Lori likalala. Sikurudi mwanzo kuisahihisha sentensi yoyote, na nina hakika moja ilikuwa na kasoro.

Mzee mmoja aliyejifunika blanketi akauliza kwa sauti kama mimi nilikuwa ndani ya hilo lori, watu wakaangua kicheko. Nikamwambia mwenyewe yuko nyuma ya shuka, wamuulize. Basi wakaenda. Walimtoa kule wakimshika viwiko, yeye akikohoa na kukataa, na mtu akaanza kupiga kelele kwamba filamu irudishwe. Mwendesha mashine alinitazama kwa jicho baya, lakini mashine yetu ilikuwa na uwezo wa kurudi nyuma na yeye alipenda kuuonyesha. Lori likainuka mtaroni kama ng'ombe anayeamka, likapanda mteremko kinyumenyume mpaka kilabuni. Halafu likaanza upya.

Dereva alikuwa amesimama kando ya shuka, nusu ya picha ikipita juu ya koti lake. Akasema polepole, nami nikarudia kwa maikrofoni ili wa nyuma wasikie: "Msitazame lori. Tazameni mkono."

Mara hii lori lilipoanguka hakuna aliyecheka. Yule mzee wa blanketi akasema, kama mtu anayekagua fahali, "Kweli. Amelilaza." Mama mkwe alikuwa amegeuza uso pembeni, kama heshima inavyotaka mkwe akisimama mbele, na sikuweza kujua ameona nini. Ofisini nilionywa baadaye. Hilo ni jingine.

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa jalidi. Nilikuwa natakiwa Nakuru kubadilisha mikanda, hivyo Dereva akanipa kiti cha mbele. Mama akaja na gunia lake na kuku mmoja. Gunia likaingia. Kuku akaingia. Mama akasimama ameshika mlango wa kijani, akitazama njia inayoshuka stesheni, na Dereva akitazama usukani, na mimi nikitazama magoti yangu. Kisha gari likainama kidogo upande wa nyuma, mlango ukafungwa.

Dereva alinyoosha mkono akageuza kioo cha ndani kikatazama dari, ili asije akamwona mama usoni. Akawasha gari.

Tulitambaa. Nimesema alikuwa akitambaa na abiria, lakini sijawahi kuona mwendo kama ule. Mkokoteni wa maziwa ulitupita. Kijana wa baiskeli alitupita, akageuka akapiga saluti, akauliza kama Mlevi leo amelewa chai. Dereva alikaza macho barabarani. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni katika baridi ile, na nilijua anachokifanya, alikuwa anaogopa ndani ya kona, kila kona, yeye aliyenifundisha. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, tulivu, haikuelekezwa kwake.

"Mwanangu," mama akaniambia, "hebu muulize mwenye gari kama hii gari inaumwa."

Nikamgeukia Dereva nikafikisha, neno kwa neno, kama maneno yenye muhuri.

"Mwambie mama gari ni zima. Ni barabara ina utelezi."

Nikafikisha. Tukavuka daraja dogo, kuku akilalamika gunia likimwegemea.

"Mwambie jana nimeona mkono wake," mama akasema. "Mwambie aende."

Hilo sikulifikisha mara moja. Nilipolifikisha, Dereva alikuwa ameshashusha mkono kwenye gia. Sijui kuandika sauti ya gari lile likibadilisha gia. Yeye angeweza kuifanya kwa mdomo. Barabara ikaja. Mashamba ya pareto yakaanza kukimbia, uzio ukawa mstari mmoja, tukampita kijana wa baiskeli na mdomo wake wazi. Mbele ilitokea kona, na kabla hatujaifikia gari likapunguza, likapumua, kisha likaingia bila kuguswa, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto, likatoka upande wa pili likiwa na nguvu zake zote. Nyuma yangu nilisikia mama akivuta pumzi, na baadaye, kwa sauti ya binti mdogo kuliko Rebeka:

"Muulize kama kuna kona nyingine."

Nikageuka nimuulize. Hakukuwa na haja. Barabara ilikuwa bado imenyooka, na Dereva alikuwa ameshapunguza.